Hedhi inakoma, joto linapanda: homoni, dawa nyingine, mitishamba au feni?

Dada mmoja aliingia dukani kwangu saa tano asubuhi, baibui limelowa mgongoni, mkononi kipande cha boksi anajipepea. Nje kusi inavuma, Tanga nzima imepoa.

“Mama Salha, nipe tena ile mseto.”

“Ya tatu hiyo tangu Idi. Umepima?”

“Nimepima, wamesema malaria hamna. Lakini wakaniambia ninywe tu, jasho hili la usiku haliwezi kuwa la bure.”

“Na siku zako?”

“Zile? Huu mwezi wa nane sijaziona. Zimeshakwisha zile.”

Hilo la mwisho alilisema kama anazungumzia habari za jirani. Huko alikotibiwa hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuona sababu ya kulitaja.

Nipo nyuma ya kaunta ya duka la dawa mwaka wa 19 sasa, na mwenyewe nina miaka 53. Swali la “dawa ipi nzuri ya joto hili?” naulizwa na wateja, na wenzangu wa kikoba, na mdogo wangu, na siku nyingine najiuliza mwenyewe saa nane usiku nikigeuza mto upande wa baridi. Jibu langu huanza kwa maswali mawili: linalokusumbua zaidi ni lipi, na mwili wako umepitia nini? Asiyelala kwa jasho na mwenye ukavu ukeni wote hedhi imewakoma, lakini dawa ya mmoja haimhusu mwenziwe. Kwa hiyo nitazilinganisha njia hizi kwa kufuata tatizo. Majina ya dawa yatakuja yenyewe.

Kwanza uhakikishe ndiyo yenyewe

Hedhi huhesabiwa imekoma mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuiona. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kabla yake kuna miaka ya kuyumba: mwezi huu siku mbili, ujao siku kumi, unaofuata kimya. Dalili nyingi huanza wakati huo wa kuyumba, ndiyo maana watu hawaziunganishi na kukoma kwa hedhi. “Mbona bado naziona?” Unaziona, ndiyo, lakini ovari zimeshaanza kutoa estrojeni, homoni ya kike, kwa kubahatisha, leo nyingi kesho haba.

Katika ubongo kuna sehemu inayopima joto la mwili. Estrojeni ikiyumba, seli za neva za hapo huchachamaa, na kile kiasi cha joto ambacho mwili hukivumilia bila kutoa jasho kinakuwa chembamba. Chai ya moto, jiko la mkaa, au mtoto aliyejibu vibaya, basi: uso unawaka, moyo unakwenda mbio, jasho linachuruzika kifuani, halafu kabaridi. Dakika chache limepita. Hilo ndilo tunaloliita fukuto. Wapo wanaolipata mara mbili kwa wiki, wapo wanaolipata kila saa. Utafiti wa Marekani uitwao SWAN, uliowafuata wanawake kwa miaka mingi, ulitoa majibu yake mwaka 2015: katika waliokuwa nalo mara kwa mara, nusu yao lilidumu zaidi ya miaka 7.4, na kwa Wamarekani weusi miaka 10.1. Basi anayekwambia “vumilia, miezi miwili mitatu litakwisha” anakupumbaza.

Ukiwa umevuka miaka 45, dalili zinatosha kutambua hali. Hakuna haja ya kulipia vipimo vya homoni, kwa kuwa homoni zenyewe hupanda na kushuka, na kipimo cha Jumatatu hakisemi habari za Ijumaa. Hela hiyo iweke. Ukiwa chini ya miaka 45, na hasa chini ya 40, pima, maana hedhi kukoma mapema kiasi hicho kunahitaji daktari, na mifupa na moyo vinadai ulinzi wa miaka mingi zaidi.

Mambo matatu yasikupite. Jasho la usiku lenye kikohozi cha wiki mbili, homa au kukonda, kapime kifua kikuu, na hali yako ya VVU kama huijui. Tezi ya shingo nayo ikifanya kazi kupita kiasi huleta joto, mapigo na kukosa usingizi vilevile. Na damu ikitoka baada ya kukaa miezi 12 bila kuiona, hata tone la rangi ya chai, hiyo haisubiri. Wanawake husema “zimerudi, Mungu amenirudishia ujana”. Damu hiyo inaweza kuwa ya kitu kidogo, na inaweza kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi, ambayo hapa Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake.

Wanaotumia sindano ya miezi mitatu, kijiti au kitanzi chenye homoni wana shida yao: hedhi inaweza kupotea kwa sababu ya njia yenyewe, kwa hiyo miezi 12 haiwezi kuhesabiwa. Na usiache kujikinga mapema. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 50, mimba bado huepukwa kwa miaka miwili zaidi. Baada ya 50, mwaka mmoja. Ninao wateja waliokuja kununua dawa ya joto wakaondoka na kipimo cha mimba, na mmoja wao sasa analea.

Homoni, na woga wake

Kwa fukuto na jasho la usiku hakuna kinachoifikia estrojeni. Majaribio yaliyokusanywa pamoja yalionyesha inapunguza idadi ya mafukuto kwa takriban robo tatu kuliko kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani, kinachotumika kulinganishia. Inalinda mifupa pia, na wengi usingizi huwarudia. Sasa mbona watu wanaikimbia?

Woga huo una tarehe. Julai 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake moja iliyokuwa na wanawake 16,608. Waliokuwa wakipewa homoni walipata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda zaidi ya wale wa kidonge kitupu. Habari ikazunguka dunia, madaktari wakafunga kalamu, na mpaka leo nikitaja homoni dukani nasikia “hizo si zinaleta kansa?”

Sasa tazama hesabu. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia kwa mwaka mmoja, waliopata saratani ya matiti waliongezeka 8, na wa kiharusi 8. Waliovunjika nyonga walipungua 5. Wastani wa umri wa waliokuwamo ulikuwa miaka 63. Wengi walianzishiwa dawa miaka mingi baada ya hedhi kukoma, mishipa imeshachakaa. Dawa yenyewe ilikuwa estrojeni itokanayo na mkojo wa farasi wenye mimba, pamoja na medroksiprojesteroni, ambayo kwa kipimo kingine ndiyo iliyomo kwenye sindano ya miezi mitatu. Ajabu ni kwamba waliokuwa wakiiogopa dawa ya kukoma hedhi wamechomwa sindano hiyo miaka 12 bila kuuliza. Na sehemu ya pili ya utafiti huo, ya wanawake waliokwisha kutolewa kizazi na kupewa estrojeni peke yake, ilisimamishwa mwaka 2004 bila saratani ya matiti kuongezeka.

Madaktari wengi leo wanakubaliana hivi: mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na asiye na kizuizi, faida kwake kwa kawaida inazidi hatari. Novemba 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuyaondoa mengi ya maonyo makali yaliyokuwa yamebandikwa kwenye dawa hizi tangu enzi za utafiti ule. Vizuizi vipo hata hivyo: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, mwenye ugonjwa mkali wa ini, na anayetoka damu isiyojulikana chanzo. Hao wasinunue homoni kwa mtu yeyote, mimi nikiwemo.

*Mwenye kizazi na asiye nacho.* Estrojeni peke yake hukuza utando wa kizazi, na ukikuzwa muda mrefu unaweza kugeuka saratani. Mwenye kizazi lazima aongezewe projesteroni, ya vidonge au ya kitanzi chenye homoni. Kitanzi hicho nakipenda kwa aliye bado katika kuyumba, maana hupunguza na damu nyingi, na huzuia mimba, yote kwa pamoja. Asiye na kizazi anatumia estrojeni tu, na mambo yake ni mepesi zaidi. Mdogo wangu alitolewa kizazi na ovari zote mbili akiwa na miaka 43, kwa ajili ya vivimbe. Mshono haujakauka, fukuto limeshafika, maana homoni hazikupungua kidogo kidogo kama zangu, zilikatika siku moja. Kwa mtu kama yeye kutotumia estrojeni ndiko kwenye hatari zaidi. Anaitumia angalau mpaka umri ambao hedhi ingekoma yenyewe.

*Kidonge au ya kupitia ngozi.* Kidonge ni rahisi kukipata na kukimeza. Lakini kinapita kwenye ini kwanza, na hapo ndipo uwezekano wa damu kuganda unapoongezeka. Kiraka cha kubandika au jeli ya kupaka hupitia ngozi, na kwa vipimo vya kawaida haijaonekana kuongeza hatari hiyo. Kwa hiyo mwenye uzito mkubwa, mwenye kipandauso, mwenye presha iliyodhibitiwa, na mwenye historia ya damu kuganda katika ukoo, kiraka au jeli ndiyo ya kuzungumza na daktari. Ubaya wake ni upatikanaji. Katika maduka ninayoyafahamu mimi viraka ni vya kuagiza, na joto letu la Januari na jasho la shughuli vinakibandua kabla ya siku zake. Jeli inavumilia zaidi, ila iache ikauke, na usimpakate mjukuu kabla haijakauka.

*Damu irudi au isirudi.* Hili halipewi uzito vitabuni, lakini huku pwani naulizwa kuliko saratani. Projesteroni inaweza kutumika kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi, na hapo damu hutoka kama hedhi, au ikatumika kila siku bila kuacha, na damu hukoma baada ya miezi ya mwanzo ya matone matone. Aliye bado katika kuyumba huanzishiwa mpango wa kwanza, kwa sababu wa pili humletea matone yasiyo na ratiba. Aliyemaliza mwaka mzima huchagua wa pili. Mama wa miaka 54 aliyeshafurahia kufunga Ramadhani yote bila deni hataki kurudishiwa siku. Wa 47 anayetokwa na damu isiyoeleweka, leo anaswali kesho anaacha, anaiona hedhi yenye tarehe kuwa ni nafuu. Mweleze daktari hivyohivyo, wala usione haya, ni sababu kamili ya kuchagua.

*Vidonge vya majira.* Vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni si sawa na vya ukomo wa hedhi, ingawa shoga yako atakuazima pakiti. Estrojeni iliyomo ina nguvu zaidi kwa mbali. Daktari anaweza kumpa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo asiye na presha wala asiyevuta sigara. Aliyevuka 50 havimfai.

Zisizo za homoni

Hapa wanaingia wale wenye kizuizi, na wale ambao wameelezwa yote na bado hawataki homoni. Ni haki yao.

Dawa kadhaa za sonona, kwa kipimo kidogo kuliko cha sonona yenyewe, hupunguza fukuto hata kwa mtu asiye na huzuni yoyote. Venlafaksini ni mojawapo. Inafanya kazi upesi, ndani ya wiki mbili tatu unajua kama ni yako, na inamfaa aliyeingiwa pia na hasira, machozi ya bure na wasiwasi. Kwa upande mwingine inaweza kupandisha presha, na haikatwi ghafla. Paroksetini nayo husaidia, ila aliye kwenye tamoksifeni baada ya saratani ya matiti asiiguse, kwani inapunguza nguvu ya tamoksifeni.

Gabapentini ni dawa ya neva na kifafa. Hupewa usiku, na kusinzia kunakolalamikiwa na wengine ndiko anakokutafuta asiyelala. Hii ndiyo niliyoichagua mimi. Baada ya uzazi wangu wa mwisho damu iliganda mguuni, nikakaa na mguu kama gogo, kwa hiyo estrojeni ya kumeza kwangu hapana. Kuhusu jeli daktari alisema tungeweza kutafuta ushauri wa bingwa, nikaona nianze na dawa isiyohitaji safari. Wiki ya kwanza niliamka na kizunguzungu, nikashika ukuta mpaka bafuni. Ya pili kikaisha. Fukuto la mchana bado linanipata, ila usiku nalala, na kwangu usiku ndio uliokuwa ugomvi. Usiichanganye na tramadoli wala dawa nyingine ya usingizi.

Kuna kundi jipya linalokwenda moja kwa moja kwenye zile seli za neva zinazochachamaa. Fezolinetanti iliidhinishwa Marekani Mei 2023, na Desemba 2024 ikawekewa onyo kali kuhusu ini, kwa hiyo anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara. Elinzanetanti ikafuata mwaka 2025. Kwenye rafu zangu hazijafika. Nazitaja kwa sababu mtoto aliye Ulaya au Marekani atapiga simu aseme “mama, nikutumie?” Bila anayekupima ini, mwambie asubiri.

| Njia | Kwa fukuto | Inamfaa zaidi | Angalia |
|---|---|---|---|
| Estrojeni ya kumeza | Nguvu kubwa | Chini ya miaka 60, hana presha wala historia ya damu kuganda | Mwenye kizazi aongeze projesteroni |
| Kiraka au jeli | Nguvu kubwa | Mzito, mwenye kipandauso, presha iliyodhibitiwa | Upatikanaji. Kizazi kilindwe vilevile |
| Venlafaksini | Wastani | Fukuto pamoja na wasiwasi au hasira | Presha. Usiikate ghafla |
| Gabapentini | Wastani | Jasho la usiku na kukosa usingizi | Kizunguzungu, kusinzia |
| Tiba ya mazungumzo | Hupunguza kero zaidi ya idadi | Asiyetaka dawa, mwenye msongo | Kumpata mtaalamu |

Wenye VVU na wenye kifua kikuu wana jambo la ziada ambalo mauzo ya haraka hayalioni. Rifampisini huiondoa estrojeni mwilini upesi, na baadhi ya ARV hubadilisha viwango vya homoni. Dolutegraviri, ambayo ndiyo wengi wanatumia sasa, haina ugomvi na estrojeni. Ugomvi wake ni na vidonge vya kalsiamu na madini ya chuma. Kalsiamu ya mifupa ukiimeza pamoja nayo tumbo likiwa tupu, ARV hainyonywi ipasavyo. Zimeze zote pamoja na chakula, au tanguliza dolutegraviri saa mbili kabla ya kalsiamu, au isubiri saa sita baada yake.

Mitishamba, soya na kidonge kitupu

Sina dharau na mitishamba. Nimelelewa na bibi aliyekuwa na dawa ya kila kitu katika kopo la Kimbo. Lakini katika yale majaribio ya estrojeni kuna jambo linanichekesha kila nikilikumbuka: waliopewa kidonge kitupu, kisicho na kitu chochote, mafukuto yao yalipungua kwa zaidi ya nusu. Fukuto huja kwa vipindi, lina kushuka kwake, na mtu aliyeamini anatibiwa hutulia. Kwa hiyo jirani anaposema habasoda, mlonge, tangawizi au unga wa soya ulimmalizia joto, hasemi uongo. Lakini na maji ya sukari yangeweza kupata sifa hizohizo.

Soya ina vitu vinavyofanana na estrojeni kwa mbali, na majibu ya utafiti hayakubaliani. Mwongozo wa mwaka 2023 wa chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Marekani Kaskazini haukupendekeza soya wala virutubisho vya mitishamba kwa ajili ya fukuto. Kama chakula, kula, ina protini nzuri. Kopo la vidonge la bei ya kilo kumi za nyama, hapana. Kohoshi nyeusi inayouzwa mitandaoni imehusishwa na watu kuumia ini. Na yale matangazo ya “kurudisha hedhi na ujana kwa siku 21”, muulize muuzaji namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au ya bodi ya famasia kama uko Kenya. Atakublock.

Ukavu ukeni: hesabu nyingine kabisa

Fukuto hupungua na miaka. Ukavu hauna tabia hiyo, ukiachwa unazidi. Ngozi ya ukeni inakuwa nyembamba, tendo linauma, mkojo unachoma, UTI inarudi kila mwezi. Humu ndimo ndoa zinapoharibikia kimya kimya. Mwanamke anasingizia mgongo, mwanamume anasikia amekataliwa, na mtaani wanasema kaoa mke mdogo kwa tamaa.

Vya kulinganisha ni viwili. Kilainishi cha maji hutumika wakati wa tendo na kazi yake huishia hapo. Ni rahisi, hakina homoni, na kinatosha kwa ukavu mdogo. Mafuta ya nazi watu wanatumia na hawajafa, ila yanaharibu kondomu za mpira, na anayejikinga ajue hilo. Estrojeni ya ukeni, krimu au kidonge kidogo cha kuweka, inarekebisha ngozi yenyewe na kupunguza UTI. Huanza kila usiku kwa wiki mbili, halafu mara mbili kwa wiki. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, kwa hiyo hata mwenye kizazi hahitaji projesteroni, na inaweza kutumika miaka. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze na daktari wake wa saratani kwanza. Mimi mwenye mguu ulioganda damu naitumia. Kama ningekuwa na uwezo wa kuweka dawa moja tu ya ukomo wa hedhi katika kila zahanati ya wilaya hii, ningeweka hiyo, na ningeacha maneno.

Maji ya ndimu, shabu, ugoro na vitu vya kubana havina nafasi hapa. Vinakausha palipokwisha kukauka.

Feni, dagaa na mazoezi

Mwongozo uleule wa 2023 haukuhesabu feni, mavazi mepesi wala kuepuka pilipili kuwa tiba yenye ushahidi. Sawa, lakini hakuna wa kuninyang’anya feni yangu. Khanga mbili kitandani badala ya shuka la nailoni na maji baridi karibu, fanya. Ila usivihesabu kuwa dawa, ukajilaumu visipotosha. Kupunguza uzito kwa aliyezidi kuna ushahidi kidogo wa kupunguza fukuto.

Chakula na mazoezi vina kazi yake kwingine, kwenye mfupa na moyo. Mfupa hupungua kwa kasi miaka michache ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Mwanamke aliyevuka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, na si lazima zitoke kwenye kopo: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mtindi, maziwa, ufuta. Kutembea kwa haraka na kubeba uzito husaidia kuutunza mfupa. Wanaovaa baibui na kushinda ndani waangalie na vitamini D, hata kama jua letu ni la bure.

Yule dada sikumuuzia mseto. Nilimpima presha pale kaunta ikasoma 164 kwa 102, nikamwandikia kikaratasi: makohozi, presha, mlango wa kizazi, halafu dalili zake zote, na kwamba miezi minane haijafika 12 kwa hiyo kinga ya mimba bado. Nikampa daftari dogo achore kijiti kila fukuto linapomjia. Makohozi yalikuwa safi. Daktari alianza na presha kwanza, wiki sita, ndipo wakazungumza. Estrojeni ya kumeza hakuitaka kwa ajili ya hiyo presha, venlafaksini vilevile, wakakubaliana jeli na projesteroni ya siku 12 kila mwezi, kwa kuwa bado yumo katika kuyumba. Mwanawe wa Muscat ndiye aliyeitafuta jeli, kwa cheti cha daktari, ikaja ndani ya begi la mtu aliyekuwa anakuja harusini.

Juzi amerudi. Daftari ameliweka juu ya kioo cha kaunta na kunifungulia kurasa mbili. Wiki kabla ya dawa vijiti 63, nimehesabu mwenyewe. Wiki hii 14.

“Hivi vitatu vya Jumamosi,” akasema, “usivihesabu. Nilikuwa napika pilau la watu mia mbili.”

Halafu akauliza kama nauza betri za ile feni ndogo ya mkononi.